Kitufe cha kompyuta kikifa, si lazima kompyuta nzima itupwe

KOMPYUTA ya mezani inapokataa kuwaka, jambo la kwanza linalomjia mwenye nayo ni kwamba imekufa. Atabonyeza kitufe mara tatu, atabonyeza tena mara nne, atatazama kama umeme upo, kisha ataanza kuhesabu fedha za kununulia nyingine.

Mara nyingi hesabu hiyo hufanywa mapema mno. Katika kompyuta iliyotumika kwa miaka kadhaa, kitufe cha kuwashia ni miongoni mwa sehemu chache zinazosogezwa kwa mkono kila siku. Ndani yake kuna springi ndogo na vipande vya metali vinavyogusana. Springi ikichoka, au vumbi likijaa kati ya vipande hivyo, kitufe hakipeleki tena habari yoyote, hata kama mashine yote iliyobaki ni nzima.

Kwa wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, suala hili lina uzito wake. Kutoka Kayanga, makao makuu ya Karagwe, hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, iko mbali zaidi, na mkazi wa Murongo, mpakani mwa Tanzania na Uganda, anayetaka kupeleka kompyuta mjini hupoteza siku nzima njiani pamoja na nauli ya mtu na ya mzigo.

Katika miji midogo ya eneo hilo, kompyuta ya mezani mara nyingi ndiyo duka lenyewe. Huchapiwa humo barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, kadi za harusi na picha za pasipoti. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huweza kutunza humo majina ya wanachama na kilo ambazo kila mmoja amepeleka. Kituo cha redio ya jamii, mfano wa FADECO iliyoanza kusikika Karagwe katika miaka ya 2000, hutegemea kompyuta kuhifadhi na kurusha vipindi.

Hivyo kitufe kidogo kinapoharibika, kinachofungiwa ndani ya sanduku ni kazi ya miezi au miaka. Habari njema ni kwamba swichi ya kuwashia na ile ya kuanzisha upya, ambayo mafundi huiita riseti, ni sehemu rahisi kuliko zote kubadilishwa katika kompyuta. Anayejua zinavyofanya kazi anaweza kuweka mpya, kuzihamishia mahali pengine, au hata kutengeneza kasha lake mwenyewe na kuzifunga apendapo.

Kitufe hakikati umeme

Watu wengi hudhani kitufe cha mbele ya kompyuta hufanya kazi kama swichi ya taa ukutani, yaani hufungua na kufunga njia ya umeme. Kwa kompyuta za leo, dhana hiyo si sahihi.

Ilikuwa hivyo zamani. Kompyuta zilizofuata muundo wa AT, uliotokana na mashine ya kampuni ya IBM ya mwaka 1984, zilikuwa na nyaya nne nene zilizotoka katika pawa saplai hadi kitufe cha mbele. Nyaya hizo zilibeba umeme wenyewe wa ukutani, ambao nchini Tanzania ni wa volti 230. Kitufe kilikuwa kikubwa, kilibonyezwa kikatoa mlio, na kikabaki kimezama ndani hadi kibonyezwe tena.

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitangaza muundo mpya ulioitwa ATX, na ndio unaotawala kompyuta za mezani hadi leo. Katika muundo huo, pawa saplai hailali kabisa maadamu plagi iko ukutani na swichi ya nyuma imewashwa. Hutoa umeme mdogo wa akiba wa volti 5, kwa kawaida kupitia waya wa zambarau, ili sehemu ndogo ya bodi kuu iendelee kukesha ikisubiri amri.

Mtumiaji anapobonyeza kitufe, pini mbili ndogo kwenye bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi, huunganishwa kwa muda mfupi. Bodi huelewa kuwa imeitwa. Nayo huuvuta waya mwingine, kwa kawaida wa kijani, hadi kwenye ardhi ya umeme, na hiyo ndiyo ishara ya kuitaka pawa saplai itoe umeme wote. Kuanzia hapo bodi yenyewe ndiyo inayoshikilia amri hiyo, wala si kitufe.

Kwa lugha nyepesi, kitufe cha kompyuta ya leo ni sawa na kengele ya mlangoni. Anayebonyeza kengele hafungui mlango. Anamwarifu aliye ndani, na aliye ndani ndiye anayefungua.

Mambo mawili yanatokana na ukweli huo. La kwanza, nyaya zinazokwenda kwenye kitufe hubeba volti chache tu na mkondo mdogo sana, hivyo haziwezi kumdhuru anayezigusa. La pili, karibu swichi yoyote ndogo inayogusanisha nyaya mbili na kuziachia inaweza kufanya kazi hiyo.

Riseti na kuzima ni mambo mawili

Kitufe cha riseti nacho huunganisha pini mbili, lakini ujumbe wake ni tofauti. Hakiiambii kompyuta izime. Hukiambia kiini chake cha kuchakata kiache kila kinachofanyika na kianze upya kama vile ndiyo kwanza kimewashwa. Umeme haukatiki, ila kazi yote ambayo haijahifadhiwa hupotea papo hapo.

Kitufe cha kuwashia kina tabia mbili. Kikibonyezwa mara moja na kuachiwa wakati kompyuta inafanya kazi, programu endeshi hupokea ombi na, kulingana na ilivyopangwa, hufunga mafaili yote kwa utaratibu kabla ya kuzima au hulala. Kikishikiliwa kwa sekunde zipatazo nne, bodi hukata umeme bila kuuliza mtu. Hatua hiyo ya pili ni ya dharura tu, kwani faili lililokuwa likiandikwa kwenye diski wakati huo linaweza kuharibika.

Ndiyo maana riseti ina manufaa pale kompyuta inapoganda na haisikii kipanya wala kibodi. Kuanzisha upya bila kukata umeme kunaziepusha sehemu za ndani na mshtuko wa kuzimwa na kuwashwa. Hata hivyo, makasha mengi yanayotengenezwa siku hizi hayana kitufe hicho kabisa, ingawa pini zake kwa kawaida bado zimo kwenye bodi. Anayetaka kukiongeza anaweza kufanya hivyo kwa swichi moja na nyaya mbili.

Kwanza thibitisha ugonjwa

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kujua kama kweli kitufe ndicho chenye kasoro. Kompyuta inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya pawa saplai iliyoungua, bodi yenye hitilafu, kadi ya kumbukumbu iliyolegea au soketi ya ukutani isiyo na umeme.

Kipo kipimo rahisi kisichohitaji kifaa chochote kwa kompyuta yenye vitufe vyote viwili. Zima kompyuta na uchomoe plagi ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha, kisha tafuta kwenye kona ya bodi kuu kundi la plagi ndogondogo zinazotoka mbele ya kasha. Chomoa ile ya kitufe cha kuwashia, na mahali pake ichomeke ile ya riseti.

Rudisha plagi ukutani na ubonyeze kitufe cha riseti. Kompyuta ikiwaka, ugonjwa umejulikana: kitufe cha zamani au waya wake ndio umekufa. Mtu asiye na haraka ya matengenezo anaweza hata kuiacha hivyo kwa muda, akitumia riseti kuwashia. Atakachokosa ni uwezo wa kuanzisha upya tu.

Isipowaka, tatizo liko kwingine, na swichi mpya haitasaidia. Hapo ndipo fundi mwenye vipimo anapohitajika. Mwenye mita ya kupimia umeme anaweza pia kupima kitufe chenyewe kikiwa kimechomolewa: kikibonyezwa mita ionyeshe njia imefunguka, kikiachiwa ionyeshe imekatika. Kitufe kinachoonyesha jambo moja tu wakati wote ni kibovu.

Aina ya swichi ya kununua

Swichi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme ni za aina mbili kuu. Ipo inayobaki imeshikilia ikibonyezwa, kama ya taa ya mezani, na ipo inayoachia mara tu kidole kinapoondolewa, kama ya kengele. Kwa kompyuta inatakiwa hii ya pili, tena iwe ile ambayo nyaya zake hazigusani mpaka ibonyezwe.

Anayekosea na kuweka swichi ya kushikilia atashangaa kuona kompyuta inawaka, kisha baada ya sekunde chache inajizima yenyewe. Kompyuta haina kosa. Kwa upande wake, swichi iliyobaki imefungwa ni sawa na kidole kilichoshikilia kitufe kwa zaidi ya sekunde nne, na hiyo ndiyo amri ya kukata umeme.

Swichi za metali zenye kichwa cha duara huuzwa kwa kipimo cha tundu zinamoingia, na vipimo vinavyopatikana zaidi ni milimita 12, 16, 19 na 22. Kabla ya kununua, pima nafasi iliyopo mbele ya kasha na kina kilichopo nyuma yake, kwani mkia wa swichi unaweza kugonga feni au sehemu ya kuwekea diski.

Kwa nyaya, hakuna haja ya kununua za gharama. Kebo iliyokatika ya mtandao wa kompyuta ina nyaya nane nyembamba ndani yake, na mbili kati ya hizo zinatosha swichi moja. Kilicho muhimu zaidi ni kuhifadhi plagi ndogo za kitufe cha zamani. Zikatwe zikiwa na mkia wa waya wa kutosha, kwa sababu ndizo zinazoingia sawasawa kwenye pini za bodi, ambazo huachana kwa milimita 2.54 tu.

Kutoboa, kuunga na kufunga

Kazi ya kutoboa tundu ndiyo inayoharibu kompyuta nyingi, ingawa haihusiani na umeme. Vumbi la chuma linalotoka kwenye keekee likidondokea bodi huweza kuunganisha njia mbili zisizotakiwa kugusana, na siku kompyuta ikiwashwa bodi inaungua. Kwa hiyo sehemu zote za ndani zitolewe kwanza, au walau uso wa mbele wa kasha ubanduliwe na kutobolewa ukiwa mbali na kompyuta.

Bandika utepe wa karatasi mahali pa tundu, chora alama ya katikati, igonge kwa msumari ili keekee isiteleze, anza na ncha nyembamba ya milimita 3, kisha panua kidogo kidogo. Kingo zilainishwe kwa tupa na msasa, kwani chuma chenye meno hukata ngozi ya waya polepole hadi siku moja zigusane.

Riseti iwekwe mahali ambapo goti, mkoba wala mtoto hawezi kuigusa kwa bahati mbaya. Watengenezaji wa makasha huifanya iwe ndogo na kuizamisha ndani kwa sababu hiyo. Anayeipanga kando ya kitufe cha kuwashia, vyote vikiwa na ukubwa mmoja, anajitengenezea majuto ya baadaye.

Nyaya zichunwe ngozi kiasi cha milimita 5 hadi 10, zisokotwe kwenye miguu ya swichi, kisha zilehemiwe. Kila kiungo kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto au tepu ya umeme. Waya uachwe na urefu wa ziada ili uso wa kasha uweze kufunguliwa bila kung'oa kiungo, na ufungwe mbali na feni.

Bati la Kyerwa katika kiungo

Katika hatua hii ya kulehemu, wakazi wa Karagwe na Kyerwa wanashika kitu kinachotoka katika ardhi ya aina ya kwao. Lehemu ya vifaa vya elektroniki hutengenezwa zaidi kwa bati, na Kyerwa ni eneo linalojulikana nchini kwa uchimbaji wa madini ya bati tangu enzi za ukoloni. Wataalamu wa miamba huuita ukanda huo, unaovuka hadi Uganda, kwa jina la Karagwe-Ankole.

Lehemu ya zamani ni mchanganyiko wa bati na risasi. Ile yenye asilimia 63 ya bati na asilimia 37 ya risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selisiasi, chini ya bati tupu linaloyeyuka kwenye nyuzijoto 232. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kwa sababu ya sumu yake, na lehemu nyingi mpya sasa ni bati kwa zaidi ya asilimia 95, pamoja na kiasi kidogo cha fedha na shaba.

Fundi anayetumia lehemu ya zamani afanye kazi penye hewa, asile wakati wa kazi na anawe mikono kwa sabuni anapomaliza. Moshi unaopanda wakati wa kulehemu hutokana zaidi na dawa ya kusafishia kiungo, nao huwasha macho na kifua.

Ufundi wa metali si mgeni katika nchi hiyo. Wafalme wa Karagwe ya kale walihesabu uhunzi kuwa sehemu ya hadhi yao, na wageni waliofika katika karne ya 19, akiwamo Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1876 katika utawala wa Rumanyika, waliona hazina ya kifalme yenye vitu vya chuma, vikiwamo sanamu za ng'ombe. Kinachobadilika leo ni ukubwa wa kitu kinachoungwa.

Pini zipi ni za nini

Baada ya swichi kufungwa, kinachobaki ni kuchomeka plagi kwenye pini zake. Bodi nyingi hufuata mpangilio uliowekwa na Intel, wenye safu mbili za pini na nafasi 10, ambapo nafasi ya kumi huachwa wazi ili iwe alama ya kutambulia upande.

Katika mpangilio huo, pini namba 6 na 8 ni za kitufe cha kuwashia, na namba 5 na 7 ni za riseti. Namba 2 na 4 ni za taa inayoonyesha kuwa kompyuta imewaka, huku namba 1 na 3 zikiwa za taa inayopepesa diski inaposoma au kuandika. Mara nyingi maandishi madogo huchapwa kando ya pini hizo kwenye bodi yenyewe, na kitabu cha maelezo ya bodi huonyesha mchoro.

Hata hivyo, kompyuta za kampuni kubwa kama Dell na HP, ambazo ni nyingi miongoni mwa zile zilizotumika Ulaya na Marekani kabla ya kuletwa Afrika Mashariki, huweza kuwa na mpangilio wao wenyewe. Kwa mashine hizo isibahatishwe. Fuata waya wa kitufe cha zamani hadi unapoishia, uweke alama ya kalamu kwenye pini zake mbili kabla ya kuuchomoa, au piga picha kwa simu.

Kwa swichi, haidhuru waya upi uko kulia na upi kushoto, kwani kazi ni kugusanisha tu. Kwa taa ndogo za LED ni tofauti: zina upande wa chanya na wa hasi, na zikigeuzwa haziwaki. Kosa hilo haliunguzi kitu; geuza plagi na taa itawaka.

Wapo wanaopenda swichi zenye pete ya mwanga. Pini za taa kwenye bodi tayari zina kizuizi cha mkondo, hivyo taa ya kawaida huchomekwa moja kwa moja. Ila swichi iliyoandikwa volti 12 ina kizuizi chake ndani, na ikichomekwa hapo itafifia au isiwake kabisa. Anayechukua umeme wa volti 5 moja kwa moja kwenye nyaya za pawa saplai kwa ajili ya LED tupu hana budi kuweka kizuizi. Cha omu 330 huishusha taa hadi mkondo wa kiasi cha miliampia 9, ambao ni salama.

Pale pa kusimama na kuacha

Yapo mambo matatu ambayo asiye fundi asiyaguse. La kwanza ni kompyuta ya zamani ya muundo wa AT. Ukifungua kasha na kukuta nyaya nne nene kutoka kitufe cha mbele hadi ndani ya pawa saplai, hiyo si nyaya ya ishara bali ni umeme wa ukutani, na swichi ndogo ya kengele ikifungwa hapo inaweza kuua mtu au kuchoma nyumba.

La pili ni pawa saplai yenyewe. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Haifunguliwi, ikiharibika hubadilishwa nzima.

La tatu linawahusu wanaotengeneza kasha la mbao, jambo linalovutia katika mkoa wenye maseremala wengi. Kasha la chuma hubanwa na pawa saplai na hivyo huunganishwa na waya wa ardhi. Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo swichi ya metali au bamba lolote la chuma lililo karibu na umeme wa ukutani liunganishwe na mwili wa pawa saplai kwa waya. Aidha, soketi ya ukutani iwe na ardhi ya kweli, kwani tundu la tatu lisilo na waya nyuma yake ni pambo tu.

Umeme unaokatika na kurudi

Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme unaoingia kutoka Uganda, na hata sasa ambapo mto Kagera umewekewa mtambo wa megawati zipatazo 14 katika mpaka wa Murongo na Kikagati, kukatika kwa umeme ni jambo ambalo kila mwenye kompyuta analizoea. Kila ukikatika, kitufe hubonyezwa tena, na kila kubonyezwa humpunguzia umri.

Bodi nyingi zina chaguo katika mipangilio yake ya awali linaloiambia kompyuta iwake yenyewe umeme unaporudi. Kwa kituo cha redio au kompyuta inayohudumia ofisi nzima, chaguo hilo huondoa haja ya kubonyeza kila mara. Lakini mahali ambapo umeme hurudi na kukatika mara tatu ndani ya dakika moja, chaguo hilo bila betri ya akiba huigonga diski kila mara inapoanza kuzunguka. Anayelitumia awe kwanza na betri hiyo, yaani UPS, yenye uwezo wa kuhimili angalau dakika za kuzima kwa utaratibu.

Kwa upande mwingine, kutengeneza badala ya kutupa ni suala la mazingira pia. Tanzania ilitunga mwaka 2021 kanuni za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki chini ya sheria ya mazingira. Ndani ya kompyuta moja ya zamani mna risasi, shaba na plastiki ambazo hazitakiwi kuchomwa moto nyuma ya nyumba wala kuzikwa katika shamba la migomba.

Ikumbukwe pia kuwa swichi ni mlango tu. Mwenye duka la uchapaji au katibu wa chama anayefaulu kuiwasha tena mashine yake baada ya wiki ya wasiwasi asiishie hapo. Kabla hajaanza kazi ya siku, anakili kwanza mafaili yake kwenye diski ya pembeni na kuyaweka mahali pengine. Safari ijayo kitakachokufa huenda kisiwe kitufe, na kwa ugonjwa huo hakuna waya mbili zitakazotosha kuutibu.